Nafula Asiyekuwa Nafula

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, nitakukumbusha kwa ufupi. Upepo ulibomoa nyumba yangu kule Chwele, na mjukuu wangu Jentrix akanichukua nikaishi naye Kitale. Jentrix ni muuguzi wa akina mama wajawazito. Hospitali yake sitaitaja. Alifungua kundi la WhatsApp la akina mama wake, akaliita Kliniki ya Jumanne, na simu ya kundi akaniachia mimi, kwa sababu akiwa wodini hawezi kushika simu.

Niliishia pale muuguzi mwenzake alipoweka picha ya mtoto mchanga Facebook bila kumwuliza mama yake. Familia ikaja juu. Hospitali ikaandika barua: picha ya mgonjwa, jina lake au sauti yake ikitoka nje kupitia simu ya mfanyakazi, huyo mfanyakazi aende nyumbani. Wote wakatia sahihi. Jentrix naye akatia.

Leo nasimulia langu mimi. Nimechelewa kulisimulia kwa sababu nilitafuta njia ya kulisema bila aibu, na sikuipata.

Kazi yangu ilikuwa ndogo. Akina mama wengi hawapendi kuandika. Wanabonyeza simu, wanaongea, na ujumbe unafika kama sauti. Mimi nasikiliza, naandika kwenye daftari: jina, anatoka wapi, anauliza nini. Jioni Jentrix anarudi, anavua viatu, anasoma daftari na kuwajibu mmoja mmoja.

Akina mama walijua. Siku ya kwanza kabisa aliwaambia, "Huyu ni kukhu yangu. Mkituma sauti mchana, yeye ndiye anasikia. Kama kuna kitu hutaki kukhu asikie, nipigie mimi mwenyewe."

Wakacheka, wakakubali. Kwetu Bungoma kukhu ni nyanya, lakini hata wasiokuwa Wabukusu wakaanza kuniita hivyo. Kuna mmoja wa Kiminini alikuwa akinitumia salamu kila asubuhi kabla ya kuuliza lolote. "Kukhu, umeamka? Umekunywa chai?" Ndipo aulize yake.

Lakini kulikuwa na mambo matano ambayo hayangoji jioni. Jentrix aliyaandika kwa kalamu nyekundu ndani ya jalada la daftari. Kutokwa na damu. Kichwa kuuma sana. Macho kuona ukungu. Uso na mikono kufura. Mtoto kunyamaza tumboni.

"Ukisikia moja tu kati ya haya, Kukhu, unanipigia."

"Na usiposhika?"

"Piga ya wodi. Wakikataa kuniita, waambie nyumba inaungua."

"Nidanganye?"

"Hiyo Mungu atasamehe."

Jumatano asubuhi ikaja sauti kutoka namba ambayo hatukuwa nayo, labda alipewa yetu na mmoja wa akina mama. Hapakuwa na picha ya mtu, ua tu. Mwanamke alikuwa akiongea kwa sauti ya chini, kama aliye na mtu amelala karibu.

"Hamjambo. Mimi Nafula. Niko miezi nane. Naomba munisaidie."

Basi. Hakuongeza neno.

Nafula lilikuwa jina la dada yangu aliyenifuata. Alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo sababu akaitwa hivyo, na alifariki kabla Jentrix hajazaliwa. Nilipolisikia jina lile moyo wangu ukalainika. Nikabonyeza simu nikamjibu kwa furaha.

"Karibu sana Nafula. Mimi ni kukhu ya sista. Una jina la dada yangu. Usiogope, mama, msaada upo hapa. Jumanne ijayo njoo kliniki, sista atakupima mwenyewe."

Alikaa muda mrefu kabla ya kujibu. Kisha akasema, "Asante, Kukhu." Nilisikia akivuta pumzi kama anayetaka kuongeza kitu, halafu ujumbe ukakatika.

Nikaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri: Nafula, miezi minane, anaomba msaada, atakuja Jumanne.

Jioni Jentrix alisoma. Alikuwa amezalisha akina mama watano siku ile na macho yalikuwa mekundu.

"Msaada gani, Kukhu?"

"Hakusema. Sauti yake ni ya mtu mwenye haya."

Akamwandikia: Nafula, karibu, una shida gani? Hakukuja jibu. Alikuwa na wengine zaidi ya thelathini wa kujibu, na aliliamini daftari langu. Akaendelea.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikuwa uani akifua sare zake, nami nimekaa mlangoni nachambua kunde. Saa sita hivi simu ikalia. Ile namba yenye ua. Nikafungua kwa sauti kubwa.

"Kukhu, sasa imefika kwa uso. Macho haifunguki vizuri."

"Nini imefika?" nikaiuliza simu, kama mjinga.

Jentrix aliacha sare kwenye karai. Akaja akipangusa mikono kwenye leso.

"Nani huyo?"

"Nafula wa juzi."

"Cheza ile ya kwanza."

Nikaicheza. Akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Cheza tena."

Nikaicheza tena.

"Kukhu, huyu anasema nini hapo mwanzo?"

"Anasema jina lake. Mimi Nafula."

"Hasemi jina. Anasema anafura. Mwili unafura. Nafura."

"Nafula," nikasema.

"Na-fu-ra."

"Si ndiyo hiyo nimesema."

Jentrix alinitazama. Hakucheka, na siku nyingine angecheka, maana l na r zangu zimewachekesha watu wa Kitale tangu nifike. Sisi tuliozaliwa kule Bungoma wengi hatuzitenganishi, si kwa ulimi wala kwa sikio. Mwalimu alinichapa kwa ajili ya hizo herufi mpaka akachoka. Jina la dada yangu na neno la ugonjwa, kwa sikio langu, vilikuwa kitu kimoja.

"Na huyu si Mbukusu," Jentrix akasema. "Sikia vile anaongea. Huyu ametoka upande wa mlimani, Elgon. Nani wa huko ataitwa Nafula?"

"Lakini nilimwita hivyo na hakukataa."

"Ndiyo. Hakukataa. Umempa jina la mtu mwingine na amelishika. Huyu anaficha lake."

Nikamwuliza ugonjwa wenyewe ni mbaya kiasi gani. Hakunificha.

"Ni presha ya mimba. Inaanza na kufura hivi. Ikipanda zaidi, anaanguka kifafa. Anaweza kufa yeye, anaweza kufa mtoto, wanaweza kufa wote. Anaweza kuanguka leo, Kukhu. Hata sasa."

Nilifungua jalada la daftari. Uso na mikono kufura. Ilikuwa pale, kwa kalamu nyekundu, siku mbili nzima.

Tulipiga ile namba. Imezimwa. Tukapiga tena. Imezimwa.

Jentrix alikaa kwenye kigoda akachukua simu yake mwenyewe. Kuna kundi la wauguzi na wahudumu wa afya wa vijijini wa Trans-Nzoia na Bungoma, wanaulizana mambo ya kazi humo. Aliandika, akanisomea kabla ya kutuma. "Natafuta mama mjamzito, miezi minane, amefura uso, macho hayaoni vizuri. Anaongea kama mtu wa mlimani. Huenda yuko ugenini. Mwenye fununu aniandikie mimi peke yangu, si hapa."

"Si uwatumie sauti? Mtu ataijua mara moja."

"Sauti yake ni yake, Kukhu."

"Hata akifa?"

Alifunga macho. Najua swali lile lilimuuma. "Mtu anayejificha ana kitu anachokimbia, na sisi hatujui ni nini. Hiyo sauti isitoke kwa hii simu. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kukhu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Akavaa sare iliyokuwa bado na unyevu, akaenda hospitali kutafuta gari la wagonjwa, ili likae tayari. Siku yake ya mapumziko. Aliniacha na simu na kunde zangu.

Sasa nifike pale.

Nilikaa dakika kama ishirini. Nilicheza ile sauti mara nne. Kila mara nilisikia kile nilichopaswa kusikia Jumatano. Nikamwona huyo mama amelala mahali, uso umefura, akingoja Jumanne kwa sababu mimi ndiye nilimwambia angoje.

Nikamkumbuka Pauline. Pauline anauza vitunguu soko la Chwele, na nyumba yangu ilipoanguka alinipa kitanda chake siku tisa, yeye akalala kwenye mkeka. Siku ya soko watu wa mlimani huteremka na viazi na vitunguu vyao, na Pauline anawajua mpaka majina ya watoto wao. Nikasema moyoni, Pauline hawezi kuwa mtu wa nje.

Nilimtumia zile sauti mbili. Nikaandika chini yake: Mnamjua huyu mama? Ni mgonjwa sana, tunamtafuta. Anayemjua apige namba hii.

Baada ya muda mfupi Pauline akajibu kwa sauti, nyuma yake kelele za soko. "Kukhu, usijali bana. Nimeiweka kwa kundi la soko, na wao wameituma mbele. Ati mpaka Malakisi wameipata. Huyo lazima apatikane."

Nilishukuru. Nilijisikia kama mtu aliyefanya kazi.

Haikupita nusu saa, Jentrix akapiga. Alikuwa akihema.

"Kukhu, amepatikana."

"Na Pauline?"

"Pauline gani? Ni Nasike, mhudumu wa afya wa Naitiri. Ameona ile niliandika kwa kundi letu. Anasema kuna mama amepanga chumba nyuma ya kinu cha posho, wiki tatu sasa. Alikuwa amemwona kwa bomba akichota maji, miguu imefura, akamsalimia, mama akakimbia. Saa hii yuko naye. Amempima, presha iko juu vibaya. Lakini anaongea. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, Nasike amemchajia."

"Jina lake nani?"

"Chelagat. Ndung'u dereva ameacha chai yake mezani, tunaondoka sasa hivi."

Nilikaa chini nikalia. Nililia kwa furaha, nikiwabariki wote mmoja mmoja, Nasike aliyesalimia mtu bombani na kukumbuka uso wake, Ndung'u na chai yake.

Sikumwambia Jentrix kuhusu Pauline. Nilijiambia, mama amepatikana, kuna haja gani tena? Nikanyamaza. Hilo ndilo ninalolijutia kuliko neno Nafula. Lile lilikuwa kosa la sikio.

Simu ya kundi ikalia. Namba ngeni.

"Gogo, habari ya mchana."

Gogo ni nyanya kwa watu wa mlimani. Sauti ilikuwa ya mwanamume, ya upole, yenye heshima.

"Nzuri, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Nisamehe kwa kukusumbua. Naitwa Kigen. Hiyo sauti yenye inazunguka kwa simu za watu, ile ya mama mgonjwa. Huyo ni bibi yangu."

"Chelagat?"

Nikasikia akishusha pumzi. "Ndiyo. Chelagat. Gogo, ni mzima?"

"Ni mgonjwa, lakini ni mzima."

"Asante Mungu." Sauti ikamtetemeka. "Wiki tatu namtafuta. Nimeenda kwao, nimeenda hospitali, nimeenda mpaka mochari. Mwanaume hawezi kulia mbele ya watu, lakini gogo, nimelia."

"Pole, mwanangu. Pole sana."

"Sasa yuko wapi?"

Nilimwambia. Nimejaribu kukumbuka kama nilisita hata kidogo. Sikusita. Nilimwambia Naitiri, nyuma ya kinu cha posho.

"Yuko na nani?"

"Yuko na mhudumu wa afya. Na mjukuu wangu mwenyewe, sista, yuko njiani na gari kutoka Kitale."

"Hao watachukua muda. Mimi niko hapa Tongaren na pikipiki. Acha nifike nimshike mkono mpaka waje."

"Mungu akubariki."

"Gogo, kitu kimoja. Usimwambie nakuja. Wacha iwe sapraizi."

Nikacheka. Naandika haya nikiwa najua nilicheka. "Sawa, mwanangu. Enda pole pole."

"Gogo, umenisaidia sana. Sitakusahau."

Nilirudi kwenye kunde. Nilizimaliza, nikaziosha, nikaziweka jikoni. Nilikuwa nikiwaza jinsi Chelagat atakavyofurahi kuona uso anaoujua.

Jentrix akapiga. Nilisikia gari likiunguruma.

"Kukhu, chukua kalamu. Nasike amenipigia, nataka uandike nisisahau wakati wa kujaza fomu. Chelagat, miaka ishirini na nne, mimba ya kwanza. Mkono wa kushoto ulivunjika mwezi wa saba wa mimba, ukaunga vibaya. Umeandika?"

"Ulivunjikaje?"

"Bwana yake. Alimpiga na mpini wa jembe, akamwambia hiyo mimba haitafika mwisho na yeye pia hatafika. Ndiyo akatoroka usiku na leso moja. Ndiyo sababu anazima simu. Anamwuliza Nasike kitu kimoja tu kila dakika, kama kuna mtu ameambiwa. Ati huyo mwanaume, jina lake Kigen, asijue."

Kalamu ilikuwa mkononi. Sikuandika.

"Kukhu? Uko?"

"Gari liko wapi?"

"Tumepita Kiminini saa hii. Kwa nini?"

"Jentrix, ile sauti ilitoka."

"Sauti gani?"

"Nilimtumia Pauline. Pauline akaipeleka soko. Huyo Kigen amenipigia."

Gari liliendelea kuunguruma. Nilingoja anikaripie. Ningeshukuru kukaripiwa.

"Umemwambia nini?" akauliza polepole.

"Nimemwambia nyuma ya kinu. Alisema yuko Tongaren."

"Lini?"

"Kabla sijaosha kunde."

Nikamsikia akisema, si kwangu, "Ndung'u, kanyaga." Halafu akarudi. "Nasike ametoka kuja barabarani. Ile kona ya kuingia kwa kinu haionekani, alitaka kutusimamia hapo. Chelagat yuko peke yake. Mimi nampigia Nasike arudi. Wewe mpigie Chelagat. Mwambie afunge mlango kwa ndani na asifungulie mtu mpaka asikie sauti yangu. Kukhu, sasa."

Akakata.

Vidole vyangu si vya haraka. Nilitafuta ile namba yenye ua. Nilikuwa bado sijaibonyeza, sauti mpya ikaingia kutoka kwake. Nikaifungua.

"Kukhu, nasikia pikipiki imezima hapa nje." Alikuwa akinong'ona, lakini kwa matumaini, kama mtu aliyengoja sana. "Ni nyinyi mumefika?"

Nikapiga.

Iliita. Ikaita tena. Iliita mpaka nikadhani itakatika, halafu ikashikwa, na mimi sikungoja salamu.

"Chelagat, mama, funga mlango. Funga mlango kwa ndani."

Mbali kidogo nilisikia kinu kikisaga.

"Gogo," ile sauti ya upole ikanijibu. "Nimeshafunga."